Kadzo wa Kwenye Wimbo

Kaka Katana,

Shikamoo. Barua hii ikukute u mzima, na mama awe mzima pia, na lile goti lake lisiwe limeanza tena ukorofi. Mihogo imeshika mwaka huu, au jua limeimaliza? Na yule mbuzi mweupe aliyekuwa akila vitabu vya watoto wa shule, mlimuuza au bado anasoma? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haitulii, na sababu yake ni wewe.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu wewe huongea kama uko mbele ya darasa la nne, mtu hapati nafasi hata ya kuinua mkono. Kwa karatasi itabidi unisikilize mpaka mwisho. Anayekuletea ni Mwanaisha, mwenzangu wa hapa hotelini, tunafua na kupiga pasi pamoja. Kwao ni Malindi, wazee wake walihamia hapo kutoka Lamu. Mkaribishe vizuri, na usimuulize maswali mengi, maana ameshaambiwa asijibu.

Kwanza hongera. Jambo zuri lazima lisemwe hata kama umekasirika. Shule zetu za kaunti ndogo tulizoea kuchekwa nazo, eti zinakwenda kwenye tamasha la muziki kula mkate na kurudi. Safari hii zimerudi na vikombe, ngao na vyeti, hata nimesikia ofisi ya elimu haina rafu ya kuviweka. Nimeona picha ya walimu wakuu wamejipanga mlangoni, kila mmoja amekumbatia kikombe chake kama mtoto mchanga. Koti la mwalimu mkuu wenu nimelijua. Ni lile alilovaa mdogo wetu Kazungu kwenye harusi yake, na kifungo bado hakijashonwa.

Sasa nikwambie nilivyouona wimbo wako.

Ilikuwa saa ya chakula. Tulikuwa tumekaa chini nyuma ya mashine za kukaushia, mahali pekee ambapo msimamizi hapiti. Joto la huku ng'ambo mwezi wa nane hulijui, kaka, usije ukalalamikia tena la Malindi. Mwanaisha alikuwa ameshika simu yake, mara akaniita.

"Janet, njoo utizame wana wa kwenu. Wamejaaliwa, mashallah."

Huku wote huniita Janet, jina la kwenye pasipoti. Hakuna anayejua jina jingine. Nikasogea. Nikawaona watoto wa shule yetu kwenye jukwaa kubwa, wasichana wamevaa hando za marinda kiunoni, njuga miguuni, kayamba zinalia, na wewe ukingoni unatikisa kichwa kama kawaida yako. Moyo ukajaa. Nikamwambia Mwanaisha, yule mwalimu ni kaka yangu. Kisha yule msichana anayeongoza akatoka mbele, akaweka mkono shavuni, akaanza:

"Mwiteni Kadzo, mwiteni, babaye amelala."

Makofi. Kimya. Halafu wenzake wakajibu kwa sauti ya chini, "Hajaitika."

Chai ilinipoa mkononi.

Wewe ulikuwepo matangani kwa baba, mimi nilisimuliwa tu. Nilisimuliwa kwamba Shangazi Sidi alisimama na kina mama, akawa anaita watoto wa marehemu kwa wimbo, mmoja mmoja, kama ilivyo kwetu. Aliyeitwa anaitika na kuingia katikati ya duara. Uliitwa ukaitika. Kazungu akaitwa akaitika. Nikaitwa mimi. Shangazi akarudia, maana mshororo haupiti mpaka mtu aitike, na mama akataka aniitikie, akashindwa, pakawa kimya hadi kina mama walipojibu, "Hajaitika." Siku hiyo nilikuwa hapa napiga pasi shuka. Nilikuwa mgeni kazini, na mkataba ulisema mwaka wa kwanza hakuna ruhusa, afe nani afe nani. Niliomba na kulia, wakanionyesha karatasi.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini kusimuliwa ni kimoja, na kusikia ni kingine. Nimeusikia kwa mara ya kwanza kwa mtoto nisiyemjua, mbele ya waamuzi wenye kalamu. Na mmoja wao, wakati wa kutoa maoni, anasikika akisema pale penye kimya ndipo palipomtoa machozi, na ndipo alipowapa alama. Kimya hicho ni changu, Katana. Mmekipeleka kwenye kaunti, mkakipeleka mkoani, mkakipeleka taifa, na kila mahali kimerudi na kikombe.

Nilipokupigia ulicheka kwanza. Ukasema, "Mcheza kwao hutuzwa, dadangu." Ukasema watoto wetu wamechoka kucheza ngoma za kuazima, na kwamba wimbo ule ndio wa kwanza waliouimba kama wao wenyewe. Hapo nilikubali, kwa sababu niliwaona na ni kweli. Kisha nikakuuliza, je, watoto wanajua Kadzo ni nani? Ukasema uliwaambia ni msichana wa hadithi, alisafiri akasahau kwao. Ndipo nikakata simu. Ulipiga tena na tena, sikushika. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na jioni yote niliukasirikia mpaka ukuta.

Tangu siku hiyo sikai pahali pamoja. Nimeunguza foronya. Napanda ngazi nikifika juu sikumbuki nilifuata nini. Na kinachonimaliza zaidi ni kwamba wimbo wenyewe ni mtamu. Wenzangu wote wameushika. Tukikunja shuka, huyu ncha hii na yule ncha ile, wanaimba, "Mwiteni Kadzo," na shuka inapigwa mahali pa makofi. Mmoja wao, msichana wa Kakamega, akauliza siku moja, "Huyu Kadzo alienda wapi hata asije kumzika babake?"

Mwanaisha akajibu bila kuinua uso, "Labda ni jeuri tu. Kungine kumemnogea."

Nilikunja shuka yangu nikaiweka. Nikakunja nyingine. Ya tatu nikaiachia katikati. Nikawaambia, "Ni mimi. Mimi ndiye Kadzo."

  Kisha Mwanaisha akaja akanishika bega. "Ewe mwana," akasema, "mbona hukutwambia tukakaa nawe matanga?" Akachukua fungu langu la shuka akalikunja pamoja na lake, na siku ile hakuna aliyeimba tena. Kaka, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kunipa pole ya baba ana kwa ana.

Hasira ikapungua kidogo. Kutulia bado. Nikampigia mama. Nilitaka nimuulize kama ule wimbo unamuumiza, maana nyumba yetu na uwanja wa shule ni ua tu katikati. Nilitegemea aniambie unamuumiza, nipate silaha ya kukupiga nayo. Mama hakunipa silaha.

"Mwanangu," akasema, "kila alasiri, hata likizo hii, wanakuja mazoezini wanakuita. Nami naacha nilicho nacho, nasikiliza kama utaitika. Najua uko mbali, lakini nasikiliza."

Nikamwambia, "Mama, nitamwambia Katana auache."

"Wauache nisikie nini?"

Muda wa maongezi ukaisha.

Jumatatu iliyofuata tuliitwa ofisini kutia saini mkataba mpya. Unakumbuka nilikwambia lazima niongeze, kwa sababu ya nyumba ya mama na paa lake. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, karani akawa anaita majina. Akaita, "Janet." Akaita tena, "Janet." Msichana wa Kakamega akanisukuma kwa kiwiko. Kumbe nilikuwa namsikia vizuri kabisa, ila nilikuwa nimekaa kama anayeitwa ni mtu mwingine, mimi nangoja jina langu. Nikasimama, nikaenda mezani, nikaitazama kalamu. Nikamwambia karani narudi kwetu.

Msimamizi alidhani nataka kuongezwa mshahara. Akaniambia nikafikirie mpaka kesho. Nikafikiria mpaka kesho, nikarudi na neno lile lile. Paa litangoja. Limengoja tangu baba yuko hai, na yeye mwenyewe alikuwa akisema halina haraka. Usinigombeze, tutagombana nikifika.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, na uyafanye kama unavyoyasoma, usianze kuyaboresha kama mwalimu.

Nimesikia siku ya kutuza shule za kaunti ndogo mmeiweka shule zikishafunguliwa, na kwamba watoto wetu ndio watakaofunga sherehe kwa wimbo huo, mbele ya wakubwa na wazazi wote. Waache waimbe. Lakini Shangazi Sidi asiachwe nyumbani. Umeupeleka wimbo wake mpaka taifa bila kumwambia, sasa mpeleke yeye akaketi mbele, kiti cha mto, si benchi. Asipopata kiti, na wewe usikae.

Watoto waambie ukweli. Waambie Kadzo alisomea darasa lile lile, aliwahi kuchapwa kwa kuchelewa, na hakusahau kwao. Yule msichana anayeongoza mwambie sina neno naye, anaimba vizuri kuliko shangazi, ila hilo shangazi asilisikie.

Nisalimie Kazungu, mdogo wetu, na mkewe. Mwambie nimeona aliazimisha koti. Nisalimie Mama Rehema, jirani yetu anayemchotea mama maji siku za goti, mwambie nimemwekea kanga. Msalimie mzee Karisa, yule aliyemchimbia baba kaburi, umpe mkono kwa niaba yangu mpaka nitakapompa mwenyewe. Mama msalimie tu. Usimwambie nilichoandika. Mwambie Kadzo anauliza goti.

La mwisho ndilo kubwa. Pasipoti yangu iliyo ofisini nimeahidiwa kurudishiwa, tikiti nimeahidiwa, nami siku hiyo sitakosa. Nitasimama nyuma, miongoni mwa kina mama, nimejifunga leso kama wao, na mtu asije kunitafuta wala kunivuta mbele. Wakifika pale pa makofi, waambie watoto wasipige. Yule msichana akishaniita, wanyamaze wote, na wasiseme hajaitika.

Mama atakuwa anasikiliza.

Ni mimi nduguyo, nisiye wa hadithi,

Kadzo