Nyota Niliyokwambia Ina Mwenza

Baba yangu,

Sauti ninayoisikia mpaka leo ni ya korosho za mbegu ulipokuwa ukizimwaga kwenye ndoo ya maji pale Lionja: chubwi, chubwi. Zilizozama tulizipanda. Zilizoelea nilizitupa, nawe ukazifuata nyasini na kuzipasua kwa panga.

"Baba, si mbovu hizo?"

"Mbovu, ndiyo. Nataka nijue zimeliwa na nini."

Niliona unapoteza muda.

Kila uliponipigia simu chuoni uliuliza, "Haya Profesa, mwenza wa nyota yako kaonekana?" Nilikuwa nimekueleza: nyota ndogo, ya moto mkali, iliyovuliwa tabaka lake la nje. Aliyeivua mara nyingi ni nyota mwenza asiyeonekana. Tunautawanya mwanga wa nyota hiyo iliyovuliwa uwe rangi, na mistari myeusi iliyomo husogea huku na huko nyota inapovutwa na mwenzake. Mistari yangu ilisogea. Nikakwambia, "Kaonekana, baba." Ulicheka, ukamtangazia hata mjomba kule Chinongwe. Wiki iliyofuata tulikuzika.

Nina hasira, baba. Kulikuwa na nyota nyingine, inayojulikana kuwa haina mwenza, niliyoiweka kando kwa sababu vipimo vyake viliniharibia mchoro. Mwezi uliopita ndipo nilipoichunguza. Nayo iliyumba vilevile, kwa mzunguko wa mwaka mmoja kamili! Dunia inapolizunguka jua, mwendo wake huingia kwenye vipimo, na lazima uutoe. Waliopima walikuwa wameshautoa. Mimi nikautoa tena. Mwenza niliyemwona ni dunia hii hii, na shamba lako juu yake. Miaka miwili ya kazi.

Nilipomweleza mama, aliuliza, "Huko chuoni nani kajua?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza, mwanangu. Nguo za mahafali tumeshashona."

Nilitoka nje nisije nikamjibu vibaya. Mahafali hayaniumi. Kinachoniuma ni kwamba siwezi kukupigia nikwambie nilikosea. Umeondoka na kosa langu, ukilifurahia.

Leo asubuhi nilikwenda Nachingwea mjini, kwenye mtandao wa uhakika, nikamwandikia msimamizi wangu aiondoe sura ya nyota ile kwenye tasnifu yangu, na jina langu kwenye orodha ya wahitimu. Kisha nikapanda bodaboda hadi Chinongwe, nikamweleza mjomba kwamba mwenza hayupo.

"Kumbe babako alitudanganya?" mjomba akauliza.

"Hapana, mjomba. Aliambiwa na mimi."

Mwanao