Nyimbo Thelathini na Sita, na Wa Dada Yangu Haumo Hata Mmoja

Mpendwa Shangazi mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili ijayo, maana nimefanya jambo ambalo kila mtu ananipongeza nalo na mimi mwenyewe siwezi kujipongeza. Mimi ni fundi wa majokofu, na kwa miaka sita nimekuwa kiongozi wa bendi ya kusifu kanisani kwetu, bendi ambayo dada yangu mkubwa aliianzisha akiwa na ngoma moja na gitaa la kuazima, na gitaa hilo yeye ndiye aliyenifundisha, akinishika kidole kimoja kimoja hadi vikaota sugu. Tulikuwa na daftari la jalada gumu lenye nyimbo mia mbili na kumi na nne, na Shangazi, watu saba wanaofanya mazoezi Jumamosi tu hawawezi kubeba mzigo ule, tulikuwa tunaaibika, mchungaji anaomba wimbo katikati ya mahubiri, mpiga kinanda anaanza huu, mimi naanza ule, mpiga ngoma anatutazama kama watu waliorukwa na akili na waumini wanakohoa. Nikapendekeza tupunguze. Hapo sikuwa na kosa, kosa linakuja.

Miaka miwili iliyopita dada alipatwa na kiharusi akapoteza maneno, ukimuuliza anataka chai au maji anajibu "haya haya", ukimuuliza jina la mwanawe "haya haya", lakini ukimwanzishia wimbo wa zamani anauimba ubeti mzima, kila neno mahali pake, siku ya kwanza kanisa zima tulilia. Shida ni kwamba nyimbo zilizombaki kichwani ni kumi na moja tu, mpya haziingii, na anachelewa mapigo, anarudia kiitikio sisi tukiwa tumeshamaliza, na siku hizi ibada inarushwa mtandaoni, watu wasiotujua wanaandika vicheko, mmoja akaandika "huyo mama mzimieni maiki", na mimi mdogo wake wa tumbo moja nikaona haya.

Kumwambia ashuke sikuweza, nikafanya ujanja. Mimi ndiye ninayechagua nyimbo za kila Jumapili, basi kwa miezi sita sikuchagua hata mmoja kati ya zile kumi na moja, halafu nikapeleka kikaoni kanuni inayoonekana ya haki kabisa, kwamba wimbo ambao haujapigwa miezi sita unatoka kwenye orodha na hauombwi tena, wote wakanyoosha mikono, na dada alikuwepo, naye akanyoosha wake akasema "haya haya".

Zikabaki nyimbo thelathini na sita, bendi ikanyooka, sikufichi. Dada aliendelea kusimama na maiki wiki tatu nyingine akichezesha midomo tu, wiki ya nne akabaki kwenye benchi, na sasa hata nyumbani haimbi. Mumewe aliniambia juzi, "Shemeji, hata kuguna na redio kaacha, na lile neno lake moja siku hizi simsikii nalo. Hospitali wananiuliza tulikosea wapi, mimi sijui niwajibu nini." Mimi najua, Shangazi. Hospitali kuna mtaalamu anayemfundisha dada kuongea upya, naye aliniambia mimi peke yangu, shemeji akiwa amepanga foleni dirisha la dawa, "Mwimbisheni kila siku, asipoimba hata hayo machache yatapotea." Nikaitikia kwa kichwa nikasema sawa, na sikumwambia mtu yeyote. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya kikao.

Sasa Jumapili mchungaji ananisimamisha mbele niwaeleze viongozi wa bendi za makanisa mengine jinsi tulivyopunguza nyimbo, na dada ametengewa kiti cha mbele kama mwanzilishi. Nikisema ukweli bendi itasambaratika na nitamuumiza mgonjwa bure, nikinyamaza nitaongea vipi huku ananitazama? Nifanye nini?

Ni mimi, Mdogo Mtu.

Mdogo Mtu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya kwanza nilitaka kuichana. Nikuanzie na lenye nafuu. Kupunguza nyimbo ulikuwa sahihi, mia mbili ni nyingi mno kwa watu wenye Jumamosi tu. Na kumwonea haya mgonjwa wako mbele za watu, hilo limewapata wengi, hata mimi lilinipata kwa baba yangu, na sijivunii.

Lakini usinizungushe. Wewe hukupunguza nyimbo, ulimwondoa dada yako, tena ukampa na kura ajiondoe mwenyewe. Unasema unaogopa kumuumiza? Ulishamuumiza. Unachoogopa ni kujulikana. Na acha kumfanya mtoto: aliyepoteza maneno hajapoteza akili. Ameongoza bendi kabla yako, anajua nani huchagua nyimbo. Huenda alielewa mkono ukiwa bado juu.

Leo hii, si Jumapili, nenda kwa shemeji yako. Mwambie maneno ya yule mtaalamu kama yalivyosemwa, na tarehe uliyoyasikia. Usianze na "unajua shemeji, mambo yalikuwa mengi". Mtu yule amekuwa akijilaumu muda wote huu kwa kosa lako. Atafoka, na akikurushia kiti, kwepa, lakini usiondoke. Kisha mrudi pamoja hospitali wiki hii hii mkaulize kipi bado kinaokoleka, mimi si daktari na sitakudanganya.

Baada yake keti na dada yako. Mweleze kwa sentensi fupi, simu ikiwa imezimwa. Halafu shika gitaa, anzisha mmoja wa zile kumi na moja, polepole, kwa mapigo yake yeye. Asipoimba, piga hadi mwisho, urudi kesho ukitoka kazini, na kesho kutwa. Usimbembeleze wala usimlilie, hana kazi ya kukufariji.

Bendi waite wote kabla ya ibada uwaambie miezi ile sita ilipatikanaje. Thelathini na sita zibaki thelathini na sita, ila toa sita unazozipenda wewe uingize sita zake, na mpiga ngoma ajifunze kumngoja. Ule uwanja wa maoni mtandaoni anayerusha ibada anaweza kuufunga, kwa nini hukumwomba tangu mwanzo? Atakayeondoka kwenye bendi kwa sababu hiyo, msindikize mlangoni.

Mchungaji naye mwambie wewe, asisikie kwa wengine. Bado akitaka usimame Jumapili, simama, ueleze yote mpaka mwisho. Asipotaka, kaa karibu na dada yako.

Na msamaha usiusubiri. Unaweza kumaliza kusema yote akakutazama tu, usijue kama amekusamehe au hataki kukuona. Wala hatakuwa na njia ya kukuambia. Nenda hivyo hivyo.

Shangazi