Mama Mdogo Hedwiga na Daktari Mwanafunzi Wake wa Kipaimara

Agatha, tumetoka hospitali Same sasa hivi, bado nacheka. Mama mdogo Hedwiga alikoma hedhi zamani, kumbe damu ilikuwa inamtoka tena na anaficha.

Siku ya vipimo akakuta daktari ni Evance, mwanafunzi wake wa kipaimara kule parokiani Mamba. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Niitie mwingine."

Eti mwingine!

Evance akamwambia taratibu, "Mwalimu, damu hii inaweza kuwa saratani. Niruhusu niangalie." Ndipo akapanda kitandani, kajifunika kanga usoni.

Walikuta kinyama kwenye mfuko wa uzazi, wakakitoa wakakipima. Leo majibu yametoka: si saratani.

Getini mama mdogo akalia. Kumbe alishachagua nyimbo za mazishi yake. Na wewe Agatha alikuondoa kwenye kwaya ya kumwimbia siku hiyo, anasema unaharibu sauti ya pili.