Vali Hamsini na Tisa za Manowari

Jumatatu, 3 Februari

Vali sita kabla ya chai, tano baada ya chai. Zote safi. Nimekagua, nimegonga mhuri, nimesaini. Mtaa wote wa Downsview umeganda, barafu mpaka mlangoni pa karakana, na hakuna aliyekumbuka kumwaga chumvi. Bwana Shabir anapita na simu sikioni, anacheka kicheko chake cha tenda.

Tenda yenyewe ni vali arobaini na nane za shaba nyeusi, za mabomba ya maji ya kuzimia moto. Zinakwenda kwenye manowari mpya ya kubebea ndege. Nchi iliyoinunua sitaitaja hata humu, naiita Nchi Fulani. Meli wameundiwa nchi nyingine. Ndege watanunua nchi ya tatu, mwaka wanaoujua wenyewe. Kwa sasa wana uwanja wa ndege unaoelea, na ndege hawana hata moja. Sisi tumepata hizi vali kwa sababu waziri wa hapa alishikilia kwamba na Kanada ipate kipande. Watu wazima hao, na tai shingoni.

Baba Salome amestaafu, kazi yake sasa ni kutazama video za manowari hiyo. Jana mezani alinieleza urefu wake huku kijiko kiko hewani. Nikamwambia ale, ugali unapoa.

Jumatano, 5 Februari

Admirali wa Nchi Fulani anakuja keshokutwa kuzikagua vali kwa macho yake. Macho yake yanajua nini kuhusu vali? Kinachomleta ni picha. Rais wao anataka meli izinduliwe kabla ya kura, kwa hiyo kila kitu kinakimbizwa. Wapinzani wao wanapiga kelele bungeni, na wala si kwa sababu meli haina ndege. Wanaumia kwamba hawakuinunua wao. Hovyo kabisa.

Bwana Shabir kaniita ofisini, kaniita “dada”. Miaka kumi na tisa namfanyia kazi. Yeye mtoto wa Moshi, mimi wa Tanga, na siku za kawaida mimi ni Mama Salome. Nikisikia dada najua anataka kitu. Anataka karakana ipendeze. Nikamjibu hapa si ukumbi wa harusi. Akacheka, akasema wageni ni wageni.

Vali mbaya ni kumi na moja, ziko kwenye shelfu jekundu. Zote za mkupuo wa nne, yaani siku ile tanuri lilipomiminwa mara ya nne. Eksirei ilionyesha mapovu ya hewa ndani ya shaba. Ukizijaza maji leo zinashika vizuri tu. Zipe mwaka mmoja wa chumvi na mtikisiko, zitapasuka. Na zitapasuka siku ya moto, maana ndiyo siku pampu zinasukuma kwa nguvu zote. Nimebandika karatasi: ZIMEKATALIWA. Namba ya mkupuo imegongwa shingoni mwa kila vali, kwa hiyo hakuna wa kuchanganya.

Alhamisi, 6 Februari

Sikwenda kazini. Jino. Wameling'oa. Nusu ya uso haina habari na mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Yesu na Maria.

Nimefika nakuta meza tatu katikati ya karakana, vitambaa vyeupe, sambusa za mke wa Bwana Shabir pembeni, na vali zimepangwa safu kwa safu, zote zimepakwa rangi ya kijivu. Rangi ya manowari. Shaba nyeusi kuipaka rangi ni kama kumpaka ng'ombe poda. Nikahesabu. Hamsini na tisa. Nikarudia, hamsini na tisa. Nikaenda kwenye shelfu jekundu. Tupu.

Papa Déo, mpaka rangi wetu, Mkongo wa Goma, mtu mpole asiyemkosea mtu, alikuwa amesimama anazitazama kwa furaha. Nikamvuta kando. “Mama, patron alisema meza ijae. Nilipaka byote.” Na namba? Akaniambia zilikuwa zinaharibu rangi, basi alizisaga kwa grenda kwanza, shingo zikawa laini. Alifanya kazi hiyo siku nzima, alijitahidi. Sikuwa na moyo wa kumfokea.

Nikamwendea Bwana Shabir. Sikunong'ona. Akaniambia meza ya tatu ilibaki nusu, na sisi kwetu mgeni hapokelewi na meza nusu, dada, wewe mwenyewe unajua. Ninajua. Ndiyo maana nilitamani kumpiga na sinia la sambusa. Anadhani vali ni sahani ya pilau, ukiona pengo unajazia.

Sasa vali nzuri na vali mbaya zote ni pacha. Makaratasi yangu yapo na namba zote, lakini kwenye chuma chenyewe hakuna kitu.

Admirali alifika saa nne na msururu wake. Medali kifua kizima. Nilimuuliza Baba Salome jioni, akasema nchi ile haijapigana na mtu. Admirali akachukua vali moja, akaipapasa kama mtoto mchanga, akapigwa picha. Akachukua nyingine, akapigwa nyingine. Naibu waziri wetu naye akasimama kwenye kiboksi akasema Kanada haiuzi silaha, inauza usalama. Makofi. Bwana Shabir alifuta machozi. Mimi nilikuwa natafuna kwa upande mmoja na kuwachukia wote kwa usawa.

Mmoja tu hakutazama kamera. Ofisa wa mitambo, mwembamba, miaka arobaini na ushei. Yeye ndiye atakayeishi ndani ya meli hiyo, chini kule kwenye mabomba. Alipitisha kidole shingoni mwa vali, pale pale namba inapogongwa. Akaigeuza. Akachukua ya pili, ya tatu. Akaja kwangu akaniuliza kwa sauti ndogo, namba ziko wapi.

Bwana Shabir alikuwa bega kwa bega nami. Nikasema zitagongwa baadaye.

Nimesema hivyo. Mimi. Leo wote wale na upuuzi wao siwadharau kama ninavyojidharau.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani sikusikia neno. Nyumbani Baba Salome ananionyesha picha ya admirali na vali, imesambaa huko kwao, watu wanaisifia. Nikamwambia inawezekana kabisa aliyoishika ni mbovu. Akaikuza ile picha. Kisha akauliza kama naonekana popote kwenye picha. Wanaume!

Jumatatu, 10 Februari

Ofisini kwa Bwana Shabir, mlango umefungwa, chai ya tangawizi imeletwa. Anataka nigonge namba upya. Namba zipi? Za vitabuni, anasema, unazo zote. Juu ya vali ipi? “Yoyote, dada. Zote si zinafanana?”

Nimemwambia tuzipeleke zote eksirei. Wiki tatu, na shehena inaondoka Ijumaa. Akikosa Ijumaa, Nchi Fulani wanavunja mkataba, na watu thelathini wanarudi nyumbani, wa kwanza akiwa Papa Déo mwenye watoto watano. Hilo si uongo. Kisha akanikumbusha kwa upole sana kwamba nimebakiza miezi minane nistaafu. Afadhali mtu anitishe kwa kelele. Vitisho vya upole vinanichefua.

Nimekataa. Bila saini yangu haziendi. Nikamwacha na chai yake.

Jumanne, 11 Februari

Nimepiga simu serikalini. Idara ya kwanza wakanirusha ya pili, ya pili ya tatu, ya tatu wakanirudisha ya kwanza. Mwisho mama mmoja mwenye sauti nzuri akanieleza kwamba ubora ni suala la muuzaji na mnunuzi, wao wanaangalia kibali tu, na kibali kipo. Nikamuuliza, moto ukiwaka ni suala la nani? Akanitakia siku njema. Nchi ya wastaarabu, wanakufungia mlango kwa tabasamu.

Jumatano, 12 Februari

Imekuja hati. Mnunuzi anazipokea vali kama zilivyo, saini ya mkaguzi haihitajiki. Yaani mimi sihitajiki. Na aliyetia saini kwa niaba yao ni nani? Yule yule mwembamba. Aliyepapasa shingo, aliyejua. Nimemtukana barabara ya 401 yote mpaka nyumbani Etobicoke, peke yangu garini, kwa sauti. Nilimdhania mtu kumbe ni kofia tu kama wenzake.

Bwana Shabir hakunitazama machoni. Alisema tu, “Mama Salome, limekwisha.”

Alhamisi, 13 Februari

Amekuja yule mwembamba. Saa sita mchana, kwa teksi, bila sare, koti jepesi la mtu asiyeijua baridi ya huku. Amekaa kwenye kiti changu, anakohoa. Nilikuwa nimemwekea maneno yake tayari. Akaniwahi. Akasema aliamriwa asaini, na angekataa wangempa mwingine asaini, ambaye hapandi meli. Yeye anapanda. Ana watu sitini chini yake. Kisha akauliza kama kuna njia yoyote ya kuzijua. Yoyote.

Nikavuta kiti kingine, nikaketi.

Nikamweleza habari za karakana ya reli Tanga, nilikoanzia kazi. Kulikuwa na fundi ambaye kazi yake ilikuwa kutembea kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, anagonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima linalia. Lenye ufa linabweka tu, halina mwangwi. Alinifundisha miezi sita. Shaba nyeusi inalia vizuri kuliko chuma. Lakini nilimwambia wazi, nyundo si eksirei, ufa husikika vizuri kuliko mapovu, na rangi hii ya kipuuzi itaniziba masikio. Akasema tuanze.

Papa Déo alizining'iniza moja moja kwa kamba. Mashine zikazimwa karakana nzima, watu wakasimama kimya. Nikagonga, nikasikiliza, nikagonga. Mwembamba anaandika. Bwana Shabir akatoka ofisini, nikajua anakuja kuleta maneno. Akasimama. Akavua koti lake la suti akaja kushika kamba upande wa pili.

Tulimaliza saa kumi. Mkono umevimba. Tisa hazikulia. Nina uhakika na saba, mbili nina shaka nazo, nimeziweka pamoja na mbaya. Zimebaki hamsini. Mwembamba lazima aondoke na arobaini na nane.

Kwa hiyo mbili zibaki. Zipi? Nimegonga zile hamsini tena, zote zinalia. Alizunguka meza mara mbili, akagusa moja, kisha nyingine. Nikamuuliza kwa nini hizo. Akasema ilibidi achague.

Ijumaa, 14 Februari

Zimeondoka. Kreti nne, bendera ya Nchi Fulani imebandikwa kila moja, mojawapo kichwa chini. Naibu waziri ametuma mtu aje apige picha lori. Mwembamba alinishika mkono, akaniachia namba yake ya simu. Nilimwambia zile kumi na moja zilizobaki nazipeleka eksirei, nitamweleza matokeo. Ikiwa zote kumi na moja ni mbovu, alale usingizi.

Bwana Shabir ametoa keki. Sikula.

Jumatano, 5 Machi

Matokeo yamekuja. Nimeyasoma chooni ili nisionekane.

Zile tisa nilizozikataa kwa nyundo: nane mbovu, moja nzima. Zile mbili alizozichagua Mwembamba: nzima zote mbili.

Nimekaa nikitafuta hesabu nyingine. Hakuna. Nimempelekea Bwana Shabir karatasi. Aliisoma amesimama, akaketi. Akasema atawaandikia rasmi wazitoe zote zirudi kupimwa, yeye atalipia usafiri. Akaandika mbele yangu, na sahihi yake. Nilitaka niendelee kumchukia, nikashindwa kwa leo.

Alhamisi, 6 Machi

Wamejibu haraka ajabu. Hati ya mapokezi imefungwa, vali zimeshafungwa kwenye mabomba, nyuma ya kuta. Hawataki mawasiliano zaidi juu ya suala hili hadi baada ya sherehe. Baada ya sherehe! Wamesaini watu watatu, kila mmoja na cheo cha mistari miwili.

Jumapili, 9 Machi

Wameizindua leo. Baba Salome aliweka sauti juu, kisha akaniona akaipunguza. Bendi, rais, admirali na medali zake. Mabaharia wamepangwa ukingoni mwa sitaha, weupe tupu, wengi mno kuhesabika. Nilimtafuta Mwembamba, sikumwona. Atakuwa chini.

Nikamwandikia. Sikupamba. Nilimwambia amechukua mbovu tatu.

Nilipika, tukala. Salome akaja na watoto, wakaondoka. Mchana wote theluji ilikuwa inayeyuka, maji yanatiririka kwenye mabomba ya jengo, nayasikia ukutani.

Jibu lake limekuja saa kumi na moja. Ameshukuru. Kisha ameuliza, zipi.

Sijui.