Santuri Nyumbani kwa Mwalimu wa Kwaya

Mabwerebwere, Kilosa
21 Juni 1970

Mpendwa Dada Letisia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Gabrieli na mtoto wenu ambaye macho yetu bado hayajamwona. Tabora kukoje? Huku baridi imeshuka kutoka milimani na Mama analalamikia magoti, ila anapika na anacheka. Baba ni mzima wa mwili. Kuna mengine yaliyompata, nitakueleza, lakini nakuomba usiruke mistari.

Kwanza nikujibu ya muziki, maana najua ndiyo unayoyatafuta. Ile taarabu ya Tanga uliyonitumia ilinishinda mwanzoni. Fidla ilijivuta mno, nikawa nangoja ngoma ianze. Siku nilipoacha kungoja ndipo nikaisikia. Ulisema kweli. Santuri ya Wamarekani Weusi niliipata kwa dereva mmoja wa malori ya Zambia. Mwimbaji anapiga kelele kama mtu aliyeungua, halafu ghafla ananong'ona, na mimi hapo nywele zinanisimama. Nami nina la kukupa. Pale Mikumi ninakoishi kuna mama wa Kimasai aitwaye Naeku, anatuletea maziwa. Yeye na wenzake huimba bila chombo chochote: mmoja anatangulia, wengine wanavuta pumzi chini yake kama mivukuto ya mhunzi. Nilimwomba anifundishe, akacheka, akasema koo langu ni la fundi seremala. Usitafute santuri yake, haipo. Itabidi uje umsikie mwenyewe.

Sasa nianze hayo yaliyonileta Kilosa. Mwezi uliopita Lupakisyo, kijana anayeongoza kamati ya vijana ya mtaa wetu kule Mikumi, alitangaza kwamba muziki wa kigeni unatupotezea vijana. Kila mwenye santuri za Kongo au za Ulaya na Marekani azilete uwanjani zivunjwe, na atakayeficha atahesabiwa kuwa msaliti wa taifa. Dada, mimi si mpinzani. Nalima shamba la ushirika kama wenzangu, na neno lake kwamba tumezidharau ngoma zetu wenyewe lina ukweli ndani yake. Lakini nilikwenda uwanjani siku ya kwanza, nikaona jirani yangu analeta zake, zikapigwa jiweni, na watoto wakaokota vipande vyeusi kuchezea. Nikarudi nyumbani upesi.

Nikazifunga zangu zote katika boksi, za kigeni na za kwetu, nikazifunika maranda ya mbao, nikapanda treni ya kuja Kilosa. Niliwaza kwamba hakuna atakayetafuta rumba katika nyumba ya Mwalimu Hezekia wa kwaya. Nyumba hii unaijua. Tangu ulipoolewa na mpiga gitaa, tena Mkatoliki, Baba hajalitamka jina lako. Mama akikutaja, yeye huchukua kofia yake akatoka nje.

Boksi nililisukuma chini ya kitanda. Kesho yake nimetoka kumchotea Mama maji, narudi namkuta Baba ameketi kitandani, boksi wazi miguuni pake, maranda yametapakaa sakafuni. Nilisimama mlangoni na ndoo kichwani, nikingoja radi. Akaniuliza ni vitu gani hivi. Nikamweleza yote, na ya Lupakisyo pia, maana kwa Baba uongo haukai mdomoni. Kisha akasema hawezi kuhukumu asichokisikia, niweke moja.

Basi tukaanza. Mchana, baada ya shamba, mlango umefungwa, gramafoni ya betri juu ya kiti na sauti chini kabisa. Kila mguu uliopita njiani ulinikata pumzi. Baba alisikiliza kama anavyosahihisha kwaya, macho kafumba, kidole kinagonga goti. Ya taarabu aliikubali upesi kuliko mimi. Kwenye rumba akaniambia magitaa matatu yale yamegawana sauti sawasawa kama waimbaji wetu, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Yule Mmarekani nilimwogopa. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema mtu huyu alilelewa kanisani, kwa sababu anajua pa kuvutia pumzi kabla ya kulia.

Kisha nikaweka ile ya bendi yenu wewe na shemeji, mliyoirekodi Nairobi. Karatasi yake ya katikati ilikwisha kubanduka kwa mvua, haina jina la bendi wala la wimbo. Mimi sikumwambia ni ya nani. Ilipofika kwenye kiitikio, kidole cha Baba kikasimama. Akaniambia niirudie. Nikairudia. Akainuka, akaenda kwenye banda la mbuzi, akakaa huko mpaka Mama akamwita kula. Hakuuliza kitu, nami nikaogopa kumweleza. Siku zilizofuata hakutaka gramafoni tena.

Jumamosi Lupakisyo akaja. Mtu wa Mikumi aliniona nikipanda treni na boksi, akamwambia. Alikuja na vijana wawili, na kwa kuwa walipita wakiuliza njia, nusu ya mtaa iliwafuata. Mzee Tomasi, yule mzee wa kanisa, alikuwa miongoni mwao. Niseme haki yake: Lupakisyo alimwamkia Baba kwa adabu, akakataa kiti. Akauliza kama katika nyumba hii kuna santuri za kigeni.

Dada, nilimwangalia Baba, nikamwomba kimoyomoyo aseme hapana, mara moja tu katika maisha yake. Akajibu, “Zimo ndani. Cleopa, zilete.”

Niliona watu wanavyotazamana. Mzee Tomasi alishika kiuno kama aliyechomwa mwiba. Nikalileta boksi, na gramafoni wakaitaka pia. Lupakisyo akachagua, akisoma majina. Za kwetu aliziweka kando, za kigeni akazipasua mojamoja kwenye ukingo wa kinu cha Mama. Rumba zote zilikwenda. Yule Mmarekani naye alikwenda. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni. Akafika kwenye yenu, akaigeuza huku na huku, hakuona jina. Akasema isiyo na jina ina la kuficha, akainyanyua.

Sikumwona Baba akiinuka. Nilichoona ni mkono wake umeshika kifundo cha mkono wa Lupakisyo, na vijana wawili wamesogea mbele.

“Hiyo si ya kigeni,” Baba alisema.

“Utajuaje, Mzee, na wewe ni mtu wa kanisa?”

“Iweke usikie.”

Mmoja wa wale vijana akataka kumtoa Baba kwa nguvu. Lupakisyo akamzuia kwa jicho. Nikaiweka mimi, na sindano ikaruka mara mbili kabla haijashika. Gitaa la shemeji likaanza, mwanamume akaimba ubeti, mkaingia waitikiaji. Baba akanyoosha kidole kuelekea gramafoni, akasema kwa sauti ile anayosomea somo kanisani:

“Huyo wa sauti ya pili ni mwanangu Letisia. Nimemfundisha mimi. Ukiivunja, umemvunja mwanangu mbele yangu.”

Mama alilia kwa sauti. Lupakisyo alisikiliza mpaka wimbo ukaisha, akaitoa mwenyewe, akaiweka upande wa za kwetu. Alipoondoka hakuniangalia. Mimi nimepewa adhabu ya kuchimba mtaro wa shamba la ushirika mpaka mvua zije, naichukua bila kinyongo.

Ya Baba ndiyo mazito. Jumapili Mzee Tomasi aliyafikisha kwa mchungaji, kwamba mwalimu wa kwaya alifuga muziki wa dansi na kujivunia binti wa bendi hadharani. Baba ameambiwa apumzike kufundisha. Kwaya aliyoianzisha kabla sisi hatujazaliwa sasa inaongozwa na mwingine. Hakubishana. Alirudi, akavua koti, akaniambia nikuandikie, na haya ndiyo maneno yake, siongezi langu: kwamba alikuwa na nafasi ya kusema hakujui, akaona hawezi, kwamba miaka yote hii alijua namna ya kukufukuza lakini hakujua namna ya kukuita, na kwamba njoo, pamoja na mumeo na mtoto, na mumeo asije mikono mitupu, alete gitaa. Nikadhani amemaliza. Akaongeza kwamba katika ubeti wa tatu umechelewa kuingia, na kosa hilo alikukataza tangu utoto.

Mama anakusalimu sana, anauliza mtoto anapenda uji wa nini. Salamu zangu kwa shemeji. Ukipanda treni, baada ya stesheni ya Munisagara usilale, Kilosa ni karibu. Baba amesema atakuwa stesheni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Cleopa Hezekia