Nimemwombea Maiti Apone

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Nimemwombea maiti. Haki ya Mungu. Maiti!

Unajua misheni hii ilivyonishinda. Dawa tulizokuja nazo zimekwisha, mchungaji yuko hoi kwa homa, na nilishakuambia siku hizi naomba kwa mdomo tu, moyoni hamna kitu. Leo nikatumwa peke yangu wodini, kwa binti mmoja mahututi.

Nikafumba macho, nikapaza sauti kama tulivyozoea: "Inuka! Simama!" Jasho linanitoka. Nesi akanigusa bega. "Dada, ameshakata roho. Kitambo."

Simama, nilimwambia. SIMAMA. Mbele ya mama yake!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia yule mama, "Nisamehe, sikujua." Akanishika mkono, hakuniachia. Akasema, "Mimi nilijua, mwanangu. Nilitaka tu aende akiombewa. Sasa niombee na mimi, maana sina tena mtu."

Nikapiga magoti pale sakafuni, nikasema, "Bwana, usituache."

Binti hakuinuka. Dawa bado hakuna. Ila ombi hilo moja sikuliomba kwa mdomo tu.