Damu ya Kisigino cha Oktavia

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimejifungua! Msichana. Jana mchana, hospitalini hapa Njombe. Uchungu ulinianza nyumbani Makambako, nikaona wa kawaida. Wapi! Mtoto hakushuka. Mwishowe wakamvuta kichwa kwa mashine ya kufyonza. Katoka wa bluu. Hakulia. Nesi Consolata akamsugua mgongo, akampa hewa — kimya. Halafu sauti! Mume wangu Faustine alikuwa nje kwenye korido. Anasema alipoisikia alikaa palepale sakafuni.

Tumemwita Oktavia.

Asubuhi hii wamemtoboa kisigino, matone machache tu. Wanapima tezi ya shingo kwa vichanga wote, kasema nesi. Sawa. Nina usingizi.

Jumanne, 17 Juni

Hospitali wamepiga simu. Kipimo cha Oktavia kiko juu, turudi kesho. Juu ndiyo nini? Daktari atawaeleza, basi, simu ikakatwa.

Mama mkwe amekuja kutoka Makete kunihudumia. Ana rovu, uvimbe wa tezi shingoni, tangu usichana wake. Aliposikia "tezi" akaacha kusonga ugali. Hiyo ni yangu, akasema, nimempa mimi. Dada yake huko kijijini naye alikuwa na rovu, akazaa mtoto ambaye mpaka leo ni mtu mzima na hajatamka neno.

Mama, usiseme hivyo, nikamwambia. Lakini sasa namtazama Oktavia. Mbona analala sana? Nimemfinya kidogo ili alie. Kalia. Nikalia na mimi.

Jumatano, 18 Juni

Njombe, ukungu mzito na baridi ya kuuma. Dokta Linus hakuanza na ukoo. Aliuliza Oktavia alizaliwaje. Uchungu ulichukua muda gani? Alilia mara moja? Damu ilitolewa lini?

Nikamweleza yote. Akaegemea kiti. Kumbe kila kichanga akitoka tu, ubongo humwaga homoni ya kuiamsha tezi. Hupanda sana siku ya kwanza, halafu hushuka yenyewe. Kwa mtoto aliyeteseka wakati wa kuzaliwa hupanda zaidi. Na wa kwetu alitobolewa mapema mno.

"Kwa hiyo ni mzima?" Faustine akadakia.

"Inawezekana ni ile shida ya kuzaliwa tu. Inawezekana pia tezi yenyewe haifanyi kazi. Ikiwa ni tezi, tunaanza dawa mara moja, kidonge kila siku, na atakua vizuri. Ndiyo maana sitaki kubahatisha."

Safari hii wametoa damu kwenye mshipa. Alivyopiga kelele! Faustine akageukia ukutani. Mimi zile kelele zilinifurahisha.

Alhamisi, 19 Juni

Hakuna simu. Nimefua nepi zote, hata safi.

Ijumaa, 20 Juni

IMESHUKA! Dokta Linus kapiga mwenyewe. Vipimo vyote viko sawa, tezi inafanya kazi. Nikamwambia arudie. Akarudia. Faustine akaninyang'anya simu ili naye aambiwe! Dawa hakuna. Atapimwa tena mara moja akienda kliniki, kwa uhakika tu. Nimelia mpaka maziwa yamelowesha blauzi. Mungu wangu, asante.

Nikamfuata Mama jikoni, alikuwa anamenya viazi. Si yako, Mama. Ni kuzaliwa kwa shida tu.

Hakuinua kichwa. Akamenya kingine. Halafu: "Huyo daktari, wazee anawapima?"

Mama huyu! Hajawahi kumruhusu mtu aitaje shingo yake. Faustine alimgusia zamani, wakakaa wiki nzima bila kusemeshana. Sasa Faustine huyohuyo kasimama mlangoni nyuma yangu, anasikiliza.

"Anawapima, Mama."

Anakausha mikono kwenye kitenge. Anauliza kama rovu wanalikata. Namwambia tutaenda pamoja, tumuulize Dokta Linus.